Siku ya Kufa Nyani: Sayansi ya Mikosi ya Krismasi

Wahenga walisema kwamba siku ya kufa nyani, miti yote huteleza. Methali hii hutajwa sana majumbani mwetu kila mwisho wa mwaka, watu wanaporejea makwao kwa sikukuu ya Krismasi na Mwaka Mpya, na mambo yakaanza kwenda mrama. Gari hukwama, maharage hayaivi, keki hubonyea, chupa ya soda hupasuka, simu haipatikani. Ifikapo jioni, mtu mmoja hutikisa kichwa na kusema, "Mwaka huu tuna mkosi." Pengine huenda mbele zaidi, akaanza kumtafuta mtu aliyeuleta mkosi huo.

Makala haya yanakusudia kuuliza swali moja ambalo methali haikulijibu: kwa nini miti yote iteleze siku moja? Mti mmoja ukiteleza, twaweza kusema ni bahati mbaya. Lakini miti yote ikiteleza kwa pamoja, mwanasayansi hamtafuti adui wa nyani. Hutazama juu na kuuliza kama mvua imenyesha. Mambo mengi yanapoharibika kwa wakati mmoja, yamkini yana sababu moja inayoyaunganisha. Kuifahamu sababu hiyo ni faida kubwa, kwa kuwa mahali isipojulikana, mara nyingi lawama humwangukia mtu.

Nyumba moja ya mfano

Ili tusipotee katika mambo ya jumla, na tuchukue nyumba moja ya mfano katika mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, mkoa uliozaliwa mwaka 2002 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Arusha. Mji huu umekaa kando ya Ziwa Babati lenye viboko, karibu na Mlima Kwaraa, kwenye kimo cha meta 1,350 hivi juu ya usawa wa bahari. Kimo hicho msomaji akiweke akilini, maana tutakihitaji jikoni.

Nyumba yenyewe haipo. Tumeiunda kwa mambo yanayotokea katika nyumba nyingi. Ndani yake yuko bibi mwenye mji. Yuko mkwe wake, ambaye ndiye mpishi. Na yuko shangazi wa watoto, anayewasili tarehe 23 Desemba kutoka Dar es Salaam pamoja na wanawe, mabegi manne, kreti moja ya soda na pakiti kadhaa za bisi. Barabara kuu ya lami imewafikisha salama mpaka stendi. Kutoka stendi hadi nyumbani kwa bibi, nje kidogo ya mji, wamepanda bajaji. Mvua ilinyesha usiku uliopita.

Bajaji katika tope

Katika sehemu nyingi za mabonde ya Babati na mbuga za jirani upo udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao wataalamu huuita vatisoli. Wakati wa kiangazi udongo huu hupasuka nyufa ambazo mguu wa mtoto waweza kutumbukia. Wakati wa mvua nyufa hujifunga, udongo huvimba, nao huwa mlaini kama uji. Sababu yake ni umbo la chembe zake. Chembe za udongo huu ni vijibamba vyembamba mno vilivyopangana kama kurasa za kitabu, na maji yana uwezo wa kupenya katikati ya kurasa hizo na kuzitenganisha. Kurasa zilizolowa huteleza moja juu ya nyingine kwa urahisi.

Bajaji yetu imekwama. Dereva anawataka abiria wote washuke. Shangazi, ambaye amevaa viatu vipya, anakataa kwa hoja ya kisayansi: uzito wake unaibana bajaji chini, hivyo magurudumu yatashika vizuri zaidi. Hoja hii si ya kupuuzwa. Katika ardhi kavu, kani ya msuguano huongezeka kadiri uzito unavyoongezeka, kama inavyofundishwa darasani. Lakini mfinyanzi uliolowa kabisa haufuati kanuni hiyo. Uzito ukiongezwa ghafla, hubebwa na maji yaliyomo katikati ya chembe na wala si chembe zenyewe, kwa hiyo chembe hazibanwi na nguvu ya udongo haiongezeki. Kinachobaki kulisaidia gurudumu ni mshikamano wa udongo ukizidishwa kwa eneo ambalo mpira unaligusa. Uzito wa shangazi unafanya kazi moja tu, nayo ni kulizamisha gurudumu. Basi dereva ndiye mwenye haki, na viatu havina budi kuchafuka.

Hata hivyo dereva naye ana kosa lake. Anapoona gurudumu linazunguka bila kwenda, huongeza mafuta. Msuguano wa vitu viwili vinavyoteleza kwa kawaida ni mdogo kuliko ule wa vitu vilivyoshikana bila kuteleza. Kwa hiyo gurudumu linalozunguka mahali pamoja limekwisha kupoteza sehemu ya nguvu zake. Kuliongezea kasi ni kuuparuza udongo na kuchimba shimo. Lililo jema ni kutandika nyasi kavu, matawi au mawe mbele ya gurudumu, kupunguza upepo wa mpira kidogo ili eneo la kugusa liongezeke, kisha kwenda polepole huku watu wakisukuma.

Maharage yasiyo na haraka

Siku ya pili shangazi anaingia jikoni na kufunua chungu.

"Wifi, maharage haya mmeyatia jikoni au mmeyatia kabatini?"

"Jikoni, wifi. Lakini hayana haraka kama watu wa Dar es Salaam."

Mzaha huu umebeba fizikia nzuri. Maji huchemka pale ambapo kanieneo ya mvuke wake inalingana na kanieneo ya hewa iliyo juu yake. Katika pwani ya Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100 za sentigredi. Babati iko juu zaidi, hewa iliyoilalia ni pungufu, na kanieneo yake ni kiasi cha asilimia 85 ya ile ya pwani. Hapo maji huchemka kwenye nyuzi 95 na nusu hivi. Kanuni rahisi ya kukumbuka ni kwamba kila unapopanda meta 300, kiwango cha kuchemka hushuka kwa karibu uzi mmoja. Maharage huiva kwa mabadiliko ya kikemia, nayo mabadiliko hayo huenda polepole zaidi joto linapopungua. Tofauti ya nyuzi nne na nusu, kwa chakula kinachohitaji saa nyingi, si jambo dogo.

Shangazi anashauri kuni ziongezwe. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Maji yaliyokwisha kuchemka hayapandi joto hata ukiwasha moto wa tanuru. Joto lote linalozidi hutumika kuyageuza kuwa mvuke. Na kazi hiyo ni ghali. Kuigeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunahitaji joto la kiasi cha mara saba ya lile lililohitajika kuyatoa maji hayo kwenye nyuzi 20 na kuyafikisha kwenye kuchemka. Moto mkali chini ya chungu kinachochemka humaliza kuni na maji, na maharage hubaki vilevile. Moto wa wastani na mfuniko vyatosha.

Tena umri wa maharage una neno. Maharage yakikaa ghalani miezi mingi mahali penye joto na unyevu, vitu vinavyoziunganisha seli zake hukazana kwa msaada wa madini ya kalisi na magnesi, na maji hushindwa kuzitenganisha. Maharage yaliyovunwa katikati ya mwaka na kupikwa Krismasi yanaweza kuwa yamefikia hali hiyo. Ndiyo sababu mama zetu huyaloweka usiku kucha, au hutia magadi kidogo. Magadi huyafanya maji kuwa na ubesi, na ubesi hulegeza kile kinachoziunganisha seli. Lakini magadi yakizidi huharibu vitamini B1, kwa hiyo kuloweka ni bora. Mwenye uwezo na atumie sufuria ya presha, ile inayofungwa mfuniko kwa kifungio na kuzuia mvuke usitoke. Ilibuniwa na Mfaransa Denis Papin mwaka 1679, nayo hupandisha kanieneo ndani yake hata maji yakafika nyuzi 120 hivi kabla ya kuchemka.

Kwa hiyo mkwe hakuwa mvivu, wala shangazi hakuwa mchokozi bure. Kila mmoja alizoea hewa ya mahali pake.

Keki iliyobonyea na soda iliyopasuka

Hewa hiyohiyo ndiyo iliyoiharibu keki. Shangazi aliileta karatasi ya vipimo kutoka pwani, akapika kwa sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, kama ilivyo desturi. Keki iliumuka upesi, ikajaa, kisha ikabonyea katikati kama kiti cha zamani. Viputo vya gesi vinavyoiumua keki hukua zaidi pale ambapo kanieneo ya hewa ni ndogo. Gesi inayojaza sentimeta za ujazo 100 pwani hujaza karibu 118 Babati kwa joto lilelile. Kuta za viputo hutanuka kupita kiasi na kupasuka kabla unga haujakauka na kushika umbo. Dawa yake ni kupunguza kidogo kiumulio, kupunguza sukari, na kuongeza maji au unga kidogo. Msomaji asiyeamini na azitazame pakiti za bisi zilizofungwa Dar es Salaam: zikifika Babati zimevimba kama mto wa kulalia, na hakuna aliyezipuliza.

Soda nazo zina kisa. Kreti ilitikiswa njia nzima. Ndani ya soda imo gesi ya kaboni dioksidi iliyoyeyushwa kwa kanieneo kubwa. Chupa inapotikiswa, viputo vidogo visivyohesabika hutawanyika ndani ya kinywaji, na kizibo kinapofunguliwa kila kiputo huwa mlango wa gesi kutokea. Mtoto aliyefungua chupa ya kwanza aliivisha sebule nzima soda ya machungwa. Kumbe ilitosha kuziacha chupa zitulie saa chache mahali pa baridi.

Ili kuharakisha mambo, chupa sita zilitiwa kwenye friza, kisha zikasahauliwa. Maji yakigeuka barafu hujitanua kwa kiasi cha asilimia 9, na kioo hakikubali kutanuka. Katika nchi za baridi za Ulaya, ambako mwandishi huyu alikuwa mwanafunzi, kanuni hiyohiyo hupasua mabomba ya maji majumbani wakati wa theluji. Watu wa huko huona mkosi wa Krismasi katika bomba, na sisi twauona katika friza. Maji ni yaleyale.

Foleni ya mashine ya unga

Alasiri ya tarehe 24 mvua ilikatika, na bibi akamtuma mjukuu kusaga mahindi. Siku za kawaida kazi hiyo huchukua dakika chache. Siku hiyo kijana alirudi baada ya kuzama kwa jua, akatuhumiwa kwamba alikuwa akicheza mpira.

Na tumtetee kwa hesabu. Tuseme mashine inaweza kuwahudumia watu 20 kwa saa kwa wastani, na watu hufika bila mpango, kila mmoja na kiasi chake cha mahindi. Wakifika watu 10 kwa saa, hesabu ya foleni inaonyesha kwamba mtu atatumia dakika 6 kwa wastani, tangu kufika hadi kuondoka. Wakifika 18 kwa saa, atatumia dakika 30. Wakifika 19, atatumia dakika 60. Tazama ajabu hii: kuongezeka kwa mtu mmoja tu kwa saa, kutoka 18 hadi 19, kumeuongeza muda mara mbili, na hali mashine bado haijazidiwa. Kanuni yake ni nyepesi: chukua idadi ambayo mashine inaweza kuhudumia kwa saa, toa idadi ya wanaofika, kisha igawe saa moja kwa tofauti hiyo.

Elimu hii ya foleni ilianzishwa na Mdenmark, A. K. Erlang, aliyechapisha kazi yake ya kwanza mwaka 1909 juu ya simu za mji wa Copenhagen. Alitaka kujua ni nyaya ngapi zinatosha ili watu wasikose kuunganishwa. Ndiyo maana usiku wa Krismasi, kila mtu anapotaka kumpigia ndugu yake saa ileile, simu hukataa. Mtandao hujengwa kwa matumizi ya siku za kawaida pamoja na akiba fulani; sikukuu huifikisha kwenye ukingo, na kwenye ukingo kila mtu mmoja anayeongezeka huwachelewesha wote.

Hesabu ya mkosi

Sasa twaweza kuupima mkosi wenyewe. Tuseme sikukuu ya nyumba yetu inategemea mambo kumi: usafiri ufike kwa wakati, njia ipitike, kuni ziwake, maharage yaive, keki iumuke, soda zipoe bila kupasuka, unga usagwe, simu ipatikane, umeme usikatike, na mbuzi wa sikukuu asikate kamba. Tuseme kila jambo lina uwezekano wa kuharibika mara moja tu katika kumi. Mtu angesema hali ni nzuri sana. Lakini uwezekano wa mambo yote kumi kwenda sawa ni 0.9 ikizidishwa yenyewe mara kumi, yaani 0.35 hivi. Maana yake ni kwamba katika Krismasi 100 za namna hiyo, 65 zitakuwa na walau jambo moja lililoharibika, bila mkono wa mtu yeyote.

Hesabu hiyo imedhani kwamba mambo kumi hayategemeani. Kwa kweli yanategemeana. Mvua huilowesha njia, huzilowesha kuni, huchelewesha usafiri, huangusha matawi juu ya nyaya za umeme, na hukusanya watu wote kwenye mashine ya unga saa ileile inapokatika. Tuseme siku ya mvua mambo hayo matano yana uwezekano wa kuharibika wa nusu kwa nusu. Wastani wa mikosi kwa siku huongezeka kutoka mmoja hadi mitatu, na uwezekano wa yote kumi kwenda sawa hushuka hadi kama 2 katika 100. Hii ndiyo siku ya kufa nyani. Miti yote imeteleza kwa kuwa mvua imenyesha juu ya miti yote.

Mvua yenyewe yatoka wapi?

Sikukuu ya Krismasi hutukuta katika msimu wa mvua za vuli, au katika mwanzo wa mvua ndefu kwa mikoa yenye msimu mmoja. Ukanda wa mvua wa tropiki hulifuata jua linapoelekea kusini, nao hupita juu ya kaskazini ya nchi yetu kati ya Oktoba na Desemba. Wingi wa mvua hizo hubadilika sana mwaka hata mwaka, na sababu kubwa iko baharini. Maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika Mashariki yakiwa na joto zaidi kuliko kawaida, na yale ya upande wa Indonesia yakiwa baridi zaidi, mvua huongezeka kwetu. Hali hiyo ilionekana wazi katika miaka ya 1961, 1997 na 2019. Mvua za mwisho wa mwaka 1961 na za miaka iliyofuata zililipandisha Ziwa Victoria kwa zaidi ya meta moja.

Bahari ya Pasifiki nayo ina sehemu yake. Wavuvi wa Peru waliona tangu zamani kwamba miaka fulani mkondo wa maji ya moto hufika pwani yao mwishoni mwa mwaka na kuwafukuza samaki. Kwa kuwa ulitokea karibu na Krismasi, wakauita El Niño, yaani Mtoto, wakimaanisha Mtoto Yesu. Basi jina ambalo watu wetu wamelizoea tangu mafuriko ya mwaka 1997 na 1998, na ambalo wengine hulitumia kwa mvua yoyote kubwa, kwa asili yake ni jina la Krismasi.

Mikosi isiyochekesha

Mpaka hapa tumecheka, na kucheka ni haki yetu. Lakini kanuni zilezile zinazokwamisha bajaji zaweza kuua, na mtu aliyezoea kusema "mkosi" huenda asiitambue hatari inapofika.

Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya ardhi ya Mlima Hanang iliporomoka na kuteremka kama mto wa matope, mawe na magogo mpaka mji wa Katesh na vijiji vya jirani, humohumo mkoani Manyara. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Mwaka huo El Niño na joto la Bahari ya Hindi vilikuja pamoja. Hanang ni mlima wa volkano, wenye miteremko mikali na tabaka dhaifu. Maji yalipopenya kwa wingi, yaliutenganisha udongo na kuuondolea msuguano uliokuwa ukiushikilia. Ni kanuni ileile ya kurasa zilizolowa, ila sasa kwa ukubwa wa mlima.

Mto uliofurika nao hudharauliwa. Gari dogo lenye upana wa meta 1.8 na urefu wa meta 4, kila maji yanapopanda sentimeta 10 juu ya sakafu yake kabla ya kuingia ndani, husukumwa juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 720. Gari la kilo 1,200 basi huanza kuelea maji yakiwa hayajafika hata sentimeta 20 juu ya sakafu. Likielea, magurudumu hayana la kushika, na mto hulichukua. Kungoja ng'ambo ya mto mpaka maji yapungue huonekana ni kupoteza sikukuu, kumbe ni kuiokoa.

Usiku wa baridi ya mvua, watu wengine huingiza jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha. Mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kutapika, kisha usingizi ambao mtu huenda asiamke. Familia nzima ikiumwa kichwa kwa pamoja katika chumba chenye jiko, watoke nje mara moja kabla ya kutafuta sababu nyingine yoyote.

Tena kiko kiporo. Pilau ya mchele wa Magugu iliyobaki tarehe 25, ikaachwa ndani ya sufuria yenye vuguvugu usiku kucha, hupashwa moto asubuhi na kunywewa chai. Katika mchele huweza kuwamo mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambazo hazifi kwa kuchemshwa. Chakula kikikaa saa nyingi katika uvuguvugu, mbegu huota, bakteria huongezeka na kutoa sumu inayotapisha. Na sumu hiyo haiharibiwi kwa kupasha moto. Anayelaumiwa ni mpishi, pengine mkwe mgeni katika nyumba, na huenda akaambiwa ametia kitu. Kilichotiwa ni muda. Wali unaobaki utandazwe kwenye sinia upoe upesi, kisha uwekwe penye baridi. Kama hakuna jokofu, heri uliwe jioni ileile.

Hapa ndipo tunapofikia uzito wa jambo letu. Kuni zilizolowa hutoa moshi mwingi, kwa kuwa maji yaliyomo huupoza mwali na gesi za kuni hazimaliziki kuungua. Moshi huo, mwaka baada ya mwaka, huyafanya macho ya wapishi yawe mekundu. Na katika nchi yetu, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, wamekuwapo wanawake wazee waliouawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yakatajwa kuwa ushahidi. Moshi ulifanya jambo lake, na mtu akalipa. Desturi ya kuuliza "ni nani?" kabla ya kuuliza "ni nini?" huanza kwa mambo madogo, kama chungu cha maharage, na hukua.

Kazi ya likizo

Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi kazi zifuatazo, ambazo hazihitaji maabara.

Kwanza, kila mwanafunzi achemshe maji na kuyapima kwa kipimajoto cha shule. Wale watakaosafiri kwenda pwani, milimani au bondeni walinganishe vipimo vyao na kukisia kimo cha kila mahali kwa kanuni ya meta 300 kwa uzi mmoja.

Pili, wapike vikombe vitatu vya maharage ya aina moja: kimoja kilicholowekwa usiku kucha, kimoja kisicholowekwa, na kimoja chenye magadi kidogo. Waandike dakika za kuiva.

Tatu, wakae karibu na mashine ya unga siku ya kawaida na siku ya tarehe 24, wahesabu wanaofika kwa saa, na kulinganisha muda wa kungoja na kanuni tuliyoieleza.

Nne, waweke daftari la mikosi ya nyumbani kuanzia tarehe 20 Desemba hadi Mwaka Mpya. Kila mkosi uandikwe tarehe, saa, hali ya mvua, sababu iliyodhaniwa kwanza, na sababu iliyoonekana baada ya kuchunguza. Pembeni iwepo safu moja ndogo ya jina la mtu aliyelaumiwa. Safu hiyo isisomwe hadharani. Mwanafunzi aitazame peke yake, na shule ikifunguliwa ahesabu ni mara ngapi jina na sababu vililingana.